Kumrudi Mke, Kumrudi Mtoto

Kitenzi "kurudi" hakimsumbui mtu kikiwa peke yake. Basi limerudi kutoka Songea na limepita Makambako alfajiri. Mkulima karudi kutoka shamba la viazi. Baridi ya Juni imerudi. Kipe mtendwa, nacho kinabadilika. Anayesema "baba amemrudi" hazungumzii safari. Anazungumzia onyo, na mara nyingi fimbo. Maana hii ni ya zamani, na waumini wameizoea katika Biblia ya Kiswahili, hasa kitabu cha Mithali. Njombe, yenye makao makuu ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT na jimbo lake la Kanisa Katoliki, haihitaji kamusi kuielewa. Ndani ya "kumrudi" mna mtu aliyeiacha njia na mwingine mwenye haki ya kumrejesha. Ila haki hiyo alipewa nani, na juu ya nani?

Tukijibu kwa haraka tutasema mzazi alipewa juu ya mtoto. Matumizi yanasema zaidi. Mume anayeitwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwa kumpiga mkewe hukosi kumsikia akijitetea: "nilikuwa namrudi tu", "nilimtia adabu", "nilimnyoosha kidogo". Maneno hayo hayo huyatumia juu ya mwanawe wa darasa la tatu. Watafiti wametumia miongo kadhaa kuonyesha kwa takwimu kwamba nyumba anamopigwa mama ndimo mara nyingi anamoumizwa mtoto. Kiswahili kilikwisha kuuhifadhi ushahidi huo katika kitenzi: mke na mtoto wamekalishwa nafasi moja, ya mtendwa wa "kurudi".

Majina tuliyoyatunga baadaye ndiyo yaliyowatenganisha. Ya mama huitwa "ukatili wa majumbani" au "ukatili wa kijinsia" kwenye semina, na "ugomvi wa ndani" mtaani. Ya mtoto huitwa "unyanyasaji wa watoto" kwenye semina, na mtaani huitwa "malezi". Ugomvi wa ndani haukaribishi mgeni, na malezi hayadaiwi maelezo. Jirani anayesikia kelele usiku huchagua mojawapo ya majina hayo kabla hajaamua kama atainuka kitandani, na yote mawili yanamruhusu kuendelea kulala. Akitaka methali ya kumtuliza, ipo: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwa watu wa mahindi na viazi ni ushauri unaoingia akilini. Lakini methali hiyo ilisemwa juu ya watu wawili wanaoweza kupatana kesho. Haikumhesabu wa tatu, aliye chini ya kitanda.

Serikali nayo imejaribu kuwaunganisha, angalau kwa majina. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, ule tunaouita MTAKUWWA, ulizinduliwa Desemba 2016 kwa miaka ya fedha 2017/18 hadi 2021/22, na awamu ya pili ikafuata. Ulikusanya mambo ya wanawake na ya watoto katika jalada moja, ukaagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa mpaka kijiji. Polisi nako kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kazi yote ya kuunganisha imeachiwa kiunganishi "na", na "na" ina uvivu wake: inapanga vitu sambamba bila kueleza vinahusianaje. Mama anaweza kuandikwa dawatini leo, mtoto wake akaandikwa mwezi ujao kwa taarifa ya mwalimu, na hakuna anayegundua kwamba wametoka mlango mmoja.

Sarufi inachangia kuficha, hasa kauli ya kutendana. "Mume na mke wamepigana" ni sentensi tunayoitamka hata pale ambapo mmoja ameshonwa nyuzi na mwingine hana mkwaruzo. "Wamegombana", "hawaelewani", "wamepishana kauli": kijisilabi "-an-" kinagawa kosa nusu kwa nusu kabla shauri halijasikilizwa. Kwa mtoto tunatumia kauli nyingine, ya kutendwa isiyo na mtendaji: "amechapwa", "ameadabishwa", "amenyooshwa". Kwa mama kosa limegawanywa, kwa mtoto mkosaji amefutwa. Na pale mtendaji anapolazimika kutajwa, huletwa mwingine wa kubeba mzigo, "ni ulanzi tu ule", kana kwamba pombe ya mianzi ndiyo iliyoinua mkono. Mtu yule yule alirudi na ulanzi huo kichwani, akapishana na mwenyekiti na mchungaji njiani, asimpige yeyote mpaka alipofika kwake. Ulevi unaojua wa kumpiga na wa kumwamkia una mpaka, na mpaka wenyewe ni ule ule wa nani anarudiwa.

Kuna jozi nyingine inayostahili kuchunguzwa: adabu na adhabu. Kwa sikio la Kiswahili maneno haya yanakaribiana kiasi kwamba mtoto wa chekechea huyachanganya. Katika asili yake ya Kiarabu ni mizizi miwili isiyo na undugu. Adabu ni mwenendo mwema, malezi ya tabia, hata elimu ya fasihi. Adhabu ni maumivu, mateso, ndiyo maana tunasema adhabu ya kaburi. Lugha yetu ikayakutanisha katika usemi "kutia adabu", ambao kwa umbo unaahidi tabia njema na kwa matumizi unaleta kipigo. Mtu aliyezoea usemi huo tangu utotoni huamini kwa dhati kwamba maumivu ndiyo mlango wa heshima. Akioa, anaingia na imani hiyo chumbani.

Tukitaka kujua dola liliwahi kusema nini juu ya haki ya kurudi, tufungue sheria mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Kwa mke, basi, kitenzi chetu kilinyang'anywa uhalali zaidi ya nusu karne iliyopita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mambo mawili ambayo hayajakaa vizuri pamoja. Katika tafsiri ya maneno, kifungu cha 3, inahesabu vipigo miongoni mwa unyanyasaji wa mtoto, pamoja na matusi, ubaguzi, kutojali, unyanyasaji wa kingono na kazi za kinyonyaji. Halafu kifungu cha 13, baada ya kukataza mateso na adhabu za kikatili, kinakataa kumrudi mtoto kupita kiasi, kwa kuangalia umri wake na hali yake ya mwili na akili, na kinakataa kumrudi mtoto asiyeweza kuelewa sababu ya kurudiwa. Kwa lugha nyepesi: yapo marudi yanayokubalika. Shuleni nako kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi 4.

Hapo ndipo kamba ya mantiki ya nyumbani inapojifunga. Sheria ilimtoa mke chini ya fimbo mwaka 1971, ikamwacha mtoto chini ya fimbo yenye kipimo mwaka 2009. Lakini nyumba haina hakimu wa kupima kiasi. Mtu mmoja, mwenye hasira ile ile, anaambiwa mkono wake umefungwa upande wa kushoto na umefunguliwa upande wa kulia. Kila anapomchapa mtoto kwa jina la malezi, anadumisha fundisho kwamba mkubwa wa nyumba ana kitenzi chake juu ya walio chini yake. Na mke, kwa desturi za nyumba nyingi, anahesabiwa miongoni mwa walio chini. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16, asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, kama kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kutowajali watoto. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Wanawake wamewazidi wanaume. Ni rahisi kulishangaa jambo hili ukisahau kwamba kila mwanamke aliyeulizwa aliwahi kuwa mtoto wa kurudiwa.

Na walikuwa wengi. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulikuta takriban robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Jirani na Njombe, upande wa Mbeya, Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000, sehemu ya kazi yake ya nchi kumi iliyochapishwa 2005. Asilimia 56 ya wanawake wa wilaya ya Mbeya waliowahi kuwa na mwenzi walisema wamepata kupigwa au kulazimishwa kingono naye. Dar es Salaam ilikuwa asilimia 41. Katika sehemu nyingi za utafiti huo, akina mama waliopigwa walieleza zaidi kuliko wenzao kwamba watoto wao wa miaka 5 hadi 12 wanaota ndoto za kutisha, wanakojoa kitandani, wanajitenga au wamekuwa wakali. Mtafiti wa Marekani Jeffrey Edleson, akikusanya tafiti nyingi mwaka 1999, aliona kwamba katika familia zenye moja ya mabaya haya mawili, kupigwa kwa mama au kuumizwa kwa mtoto, mara nyingi lile la pili lilikuwapo katika asilimia 30 hadi 60 ya familia hizo.

Takwimu husema viwili hivi vinakaa pamoja. Hazisemi vinaingiaje nyumbani, na kwa msemaji wa Kiswahili njia tatu zinaonekana. Ya kwanza ni mkono mmoja: baba anamrudi mama, kisha anamrudi mtoto. Ya pili ni ya kushuka ngazi: mama aliyepigwa, ambaye hana wa kumjibu juu yake, anamchapa mtoto kwa kosa dogo, naye mtoto mkubwa anamchapa mdogo, au mama anawahi kumchapa yeye, kidogo, ili baba akifika asimchape sana. Ya tatu ndiyo inayotushinda msamiati: mtoto asiyeguswa kabisa. Yuko chumba cha pili amejifunika blanketi. Anajua hatua za baba zinapokuwa nzito kunafuata nini, na amejifunza kumtoa mdogo wake nje kabla hakujaanza. Asubuhi mwalimu anamwona ana usingizi na anamwita mvivu.

Tumwiteje huyu? Semina humwita "mtoto anayeshuhudia ukatili". Shahidi ni mtu aliyekuwapo jambo likimtokea mwingine, kisha akaenda kulieleza. Mtoto huyu hajaenda popote, na jambo limemtokea yeye. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto iliona hivyo mwaka 2011, ilipofafanua kifungu cha 19 cha Mkataba wa Haki za Mtoto: ikaweka kuishi na ukatili wa nyumbani katika orodha ya ukatili wa kiakili. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021, ikaandika kwenye sheria yake kwamba mtoto anayeona, anayesikia au anayepatwa na athari za ukatili huo ni mtendewa kwa haki yake mwenyewe. Kule, polisi anayeandika maelezo ya mama anao watendewa wawili au zaidi mezani.

Kwetu wapo wanaopendekeza "mwathirika". Neno ni sahihi kisarufi, aliyeathiriwa, na Dar es Salaam linaweza kupita. Njombe halipiti. Huu ndio mkoa wenye kiwango cha juu kuliko yote nchini cha maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa 2022-23, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Kwa miaka mingi "mwathirika" hapa lilikuwa na maana moja tu, na familia nyingi zimezikwa chini ya neno hilo. Ukimwita mtoto mwathirika kwenye baraza la kijiji, majirani watasikia kitu kingine na watamsogeza mbali na watoto wao. "Mhanga" nalo lina harufu ya kafara. Limeshikwa na "kujitoa mhanga". "Manusura" ni zuri kwa aliyetoka. Huyu bado yumo.

Lakini Njombe hiyo hiyo ina fundisho la kutufaa. Watu wenye VVU walilikataa neno "mwathirika", likaja "anayeishi na VVU", na polepole zahanati zikajifunza kulitamka. Jina lilihama kutoka kumtambulisha mtu kwa msiba wake na kwenda kueleza hali anayoishi. Tunaweza kuazima umbo hilo na kubadilisha kiungo kimoja: "mtoto anayeishi ndani ya ukatili". Nasema "ndani ya" kwa makusudi. Kirusi kimo ndani ya mtu, huenda naye kila aendako. Ukatili umo ndani ya nyumba, na kwa hiyo kinachotakiwa kutibiwa au kuondolewa ni kile kilichomo nyumbani. Jina hilo pia linamtosha mtoto wa njia zote tatu: aliyepigwa na baba, aliyepigwa na mama aliyepigwa, na yule wa chini ya blanketi.

Linamtosha hata mtoto ambaye si wa nyumba. Wasichana wengi wa nyanda hizi hupandia mabasi Makambako kwenda mijini kulea watoto wa wengine. Huko huitwa "dada", neno la undugu lisilompa haki yoyote ya undugu. Yeye ndiye wa mwisho kwenye ngazi ya kurudiwa, na ugomvi wa mke na mume wa nyumba ile unapomshukia hauna hata jina la malezi.

Ikitokea taarifa imefika mbele, hukutana na kitenzi kingine: "kuyamaliza". Mambo ya ndani yamalizwe ndani. Wazee wa pande mbili hukaa, hutozwa mbuzi, au fedha, na wakati mwingine malipo hayo huitwa fidia. Neno hilo limepata uzito mpya mkoani humu, upande wa Ludewa. Miradi ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, ambayo mkataba wake na kampuni ya China ulitiwa saini 2011, iliwaweka watu wa vijiji kama Nkomang'ombe na Mundindi wakisubiri fidia ya mashamba kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka malipo yalipoanza kutolewa 2023. Kila mtu kule anajua kwamba fidia ina mthamini, ina orodha, ina jina la mpokeaji, na kwamba asiyeorodheshwa halipwi. Ipeleke hekima hiyo kwenye kikao cha kuyamaliza. Nani aliorodheshwa? Mbuzi wa mtoto aliyeumizwa hupokewa na mkubwa wa nyumba, ambaye pengine ndiye aliyemuumiza au ndiye aliyenyamaza. Kwa asili ya Kiarabu fidia ni fedha ya kumkomboa mateka. Hapa mateka anabaki, na fedha inapokewa na mlinzi wake.

Tabia ya kutafuta hatari nje ya nyumba haikuanza leo. Mwanzoni mwa 2019 Njombe iliingia katika habari za dunia kwa mauaji ya watoto yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Hofu ilielekezwa kwa wageni, wazazi wakawasindikiza watoto shuleni. Kwenye kesi ya watoto watatu wa familia moja, aliyekamatwa alikuwa jamaa yao. Ule ulikuwa uhalifu wa aina yake, na si haki kuuchanganya na viboko vya kila siku. Lakini lugha ilifanya kazi ile ile: "watu wasiojulikana" lilitangulia mdomoni kuliko "ndugu".

Wenzetu wamechagua maneno mengine, na kila neno lina mahali lilipoelekeza jicho. Zanzibar husema udhalilishaji, kumfanya mtu awe dhalili, na tangu 2021 wana mahakama maalumu ya makosa hayo. Kenya husema dhuluma, neno la kunyimwa haki. Bara tunasema ukatili, ambalo kwa asili yake ni jamaa wa neno la kuua. Uzito huo una gharama yake. Mtu aliyepigwa kofi, au anayefungiwa unga, husita kujiweka kwenye neno lenye damu namna hiyo. Anasema "hajanifanyia ukatili, ananirudi tu". Na tumerudi pale pale.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yameongeza thamani ya mjadala huu. Neno litakaloandikwa na mtendaji wa kijiji litasomwa na hakimu bila kupitia lugha nyingine. Akiandika "wamepigana", hakimu atasoma "wamepigana". Kwa hiyo naomba mambo madogo. Kauli ya kutendana iachwe kwa waliotendana kweli. Mtendaji mmoja aandikwe mmoja. "Ukatili wa nyumbani" lieleweke kuwa ni wa kila aishiye nyumbani, dada wa kazi akiwemo. Na "kumrudi" tusilifute, maana ni neno letu na lina wema ndani yake. Tulirudishe kwenye maana ya kumrejesha mtu njiani, na anayelitumia kama kinga ya kipigo aulizwe swali la kifungu cha 66, hata kama aliyepigwa ana miaka minane.

Juu ya yote, kila jalada liwe na swali la pili. Mama akifika dawatini, aulizwe: watoto walikuwa wapi? Mtoto akiletwa na mwalimu, aulizwe: mama yako anaendeleaje na baba? Maswali hayo hayahitaji bajeti, hayasubiri Bunge, na yanaulizika kwa lugha ya mtaani. Yakijibiwa, ile "na" iliyoko katikati ya wanawake na watoto itakuwa imepewa kazi.